Upatu wa Siku Nzima

Siku yako ikifika, utaifanyia nini?

Niliulizwa swali hilo nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja katika chumba cha kubadilishia nguo, mguu wa pili umenasa ndani ya ovaroli jeupe la plastiki tulilokuwa tukivaa kuingia wodi ya wagonjwa wa kifua. Sikuwa na jibu, na mimi si mtu wa kukosa jibu. Chuoni kuna mhadhiri aliyewahi kusimamisha somo akasema, "Naomba nimalize kipindi changu kwanza, kisha tumwachie dada yule aanze chake." Nyumbani kwetu Kerege baba alikuwa hakubali niketi karibu na mchungaji siku za harusi. Nikiambiwa jambo nauliza kwa nini, nikijibiwa nauliza nani kasema. Lakini asubuhi ile niliulizwa jambo dogo kabisa, kwamba nikipewa siku nzima ya kwangu ningependa kufanya nini, nikajikuta nakodolea macho kitasa cha mlango.

"Nitalala," nikasema mwishowe.

"Hata mbuzi analala. Nimekuuliza utafanya nini."

Aliyeniuliza alikuwa daktari mkubwa wa wodi yetu, mwanamke wa hapa hapa Bagamoyo mjini, mwenye sauti ya kuamuru na kicheko cha kitoto. Kwa umri angeweza kunizaa, ila alikataa kata kata kuitwa mama. "Mama ni wa wanangu," alikuwa akisema. "Hapa niiteni Dada, na shikamoo yenu nipeni." Basi tukamwita Dada, tukamwamkia, akaitikia marahaba kwa madaha kana kwamba anapokea zawadi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa ugonjwa ule wa barakoa. Kulikuwa na miezi tuliyouita kwa jina lake na miezi tuliyouita changamoto ya upumuaji, nami kwa tabia yangu nilitaka kujua ugonjwa hubadilishwa jina kwenye kikao gani na nani huandika mihutasari. Mgonjwa hakujali jina. Alitaka hewa. Kazi yetu ilikuwa kumpa, mitungi ilipokuwapo, na kumshika mkono wakati tukiisubiri.

Wanawake madaktari tulikuwa wanne. Dada, mwenzetu mmoja mwenye mtoto wa miezi mitano, mtu wa upande wa Fukayosi, ambaye tulimwita Mama Mtoto, mwingine wa kutoka bara, mwanakwaya aliyekuwa akiimba sauti ya tatu hata anapotoboa mshipa, na mimi, mdogo wa wote, mwaka wa kwanza wa ajira. Wanaume walikuwapo watatu na walichoka kama sisi. Tofauti ni kwamba wao wakitoka zamu walikuwa wametoka zamu. Sisi tukitoka tulikuta jiko, nguo, mtoto, mgonjwa wa jirani na shangazi mwenye swali kwenye simu.

Mimi sikuwa na mume wala mtoto, nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga Dunda, na bado nilichoka hivi kwamba siku moja niliuamkia mlango wa stoo. Nilidhani ni muuguzi mkuu. Mlango haukuitikia, nikaondoka nimenuna, nikimwona muuguzi mkuu ana dharau. Nilipogundua sikucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Wiki ile ile niliandika barua ya kuacha kazi.

Niliichapisha kwenye steshenari ya Dunda. Mwenye duka aliisoma yote, taratibu, kisha akanitazama juu ya miwani. "Sasa dokta, ukiacha, mama yangu na presha yake nimpeleke wapi?"

"Kazi yako kuchapa, mzee."

"Nimechapa. Nauliza kama mteja wenu."

Nilimpelekea Dada kwanza, kwa heshima, kabla ya kuifikisha kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akanirudishia.

"Nzuri. Fupi. Wengine huandika mpaka historia ya ukoo."

"Kesho naipeleka."

"Ipeleke. Ila kesho pia tunaanza mchezo, na wewe nimeshakuandika."

"Mchezo wa hela gani, Dada, na hali hii?"

"Nani kataja hela? Tunachezea siku."

Upatu, tunaouita pia mchezo, kila mwanamke wa pwani anaujua, na wa bara pia: mnachanga wote, anapokea mmoja, wiki nyingine anapokea mwingine, mpaka kila mtu apate zamu yake, na kijumbe ndiye mshika orodha. Upatu wa Dada ulikuwa huo huo, ila tulichochanga ni saa zetu. Kila wiki mmoja anapokea siku nzima, na watatu waliobaki wanabeba kila kilichokuwa mgongoni kwake: zamu yake, jiko lake, watoto wake, hata mgeni wake akija. Anayepokea hashiki sindano wala mwiko. Simu yake inakaa kwa kijumbe. Kijumbe alikuwa Dada mwenyewe.

"Kuna ushahidi gani," niliuliza, "kwamba siku moja kwa mwezi inamsaidia mtu aliyechoka mwaka mzima?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi wewe una ushahidi gani kwamba haimsaidii?"

Hilo lilikuwa swali langu, nililolitumia kwa watu wengine kwa miaka, na sikufurahi kurushiwa.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nikivuta namba nne, wiki ya nne nitakuwa nimeshaondoka, hakuna nitakayemkosea. Lakini kila mtu anajua sheria moja ya upatu ambayo haijaandikwa popote: ukishapokea huondoki mpaka wa mwisho apokee. Mwanamke aliyepokea akakimbia hutajwa kwenye kila jiko mpaka wajukuu zake waolewe. Niliamini mambo machache sana maishani mwangu, na hilo ni mojawapo.

Dada alikata vikaratasi vinne, akavitumbukiza katika boksi tupu la glavu, akaanza na mdogo. Nikavuta. Moja.

"Nani atabadilishana?" nikauliza.

Mama Mtoto akajifanya anakagua kucha zake. Mwanakwaya akaanza kuvuma wimbo wa pole.

"Unaweza kuikataa siku," Dada akasema kwa upole, "ukapeleka barua yako kesho asubuhi, na hakuna atakayekunyooshea kidole. Au unaweza kupokea, ukakaa nasi mpaka wa mwisho apokee. Chagua, wakili."

Alikuwa akiniita wakili nikibisha sana. Safari hii sikubisha. Niliitamani ile siku kama mjamzito anavyotamani udongo. Nikapokea, nikijua vizuri kabisa kwamba nimeuza mwezi mzima kwa saa ishirini na nne.

Siku yenyewe ilianza saa kumi na moja alfajiri, nimesimama katikati ya chumba nimeshavaa sare. Nikakumbuka, nikavua, nikalala, nikaitazama dari. Saa moja nikatoka kununua vitumbua. Muuza vitumbua akaniuliza kuhusu vipele vya mwanawe huku akinifungia. Nilipogeuka, bodaboda wa kwenye kona alikuwa ameshakunja suruali.

"Dokta, hili goti..."

"Leo mimi si dokta."

"Haya, dada tu. Dada, hili goti..."

Nikaona heri niende kwa mama, Kerege. Nilikuwa sijamkaribia kwa miezi. Nilimwekea sheria mwenyewe, naye alizitekeleza kwa ukali wa mwalimu mstaafu: kiti changu upande mmoja wa uwanja karibu na banda la kuku, kiti chake barazani, na katikati kigoda. Alikuwa akiweka sahani juu ya kigoda, anarudi nyuma, mimi nasogea, naichukua, narudi. Mpita njia angedhani tunafuga chui.

Mama alipaza sauti ili nimsikie. Akanieleza kwamba anajifukiza kila jioni kwa mwarobaini, mchaichai na malimao.

"Sawa," nikasema.

Akasema jirani yake kamwambia kitunguu saumu kikivaliwa shingoni kinazuia ugonjwa usipite.

"Sawa, mama."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena kunitazama vizuri.

"Umesemaje?"

"Nimesema sawa."

"Wewe? Umekaa hapo nusu saa nzima hujanibishia kitu. Mwanangu, unaumwa nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba siumwi, nikajikuta sina nguvu hata ya kupinga hilo. Nilikuwa naangalia sahani. Niliona kwamba, ukimtoa Dada, miezi mingapi sijui sikuwa nimemuuliza mtu swali lolote ila unapumuaje, unakohoa tangu lini, na nani tumpigie simu.

Mama hakunipa pole. Alianza kunirushia hoja mbovu, moja baada ya nyingine, kama anayewamwagia kuku mtama. Kwamba watu wa zamani hawakuwa wakiugua kabisa. Nikachukua tonge. Kwamba barakoa ikivaliwa ndani nje inafanya kazi mara mbili. Nikatafuna. Kwamba mwezi ukiwa mwembamba homa hushuka yenyewe. Nikanywa maji. Ilipofika saa nane hivi akasema kuku wake wanaokohoa wameambukizwa na redio, kwa sababu wameanza kukohoa tangu taarifa ya habari.

"Hapana, mama," nikasema. "Kuku hawasikilizi redio. Na hao wana kideri, chanjo yao ulichelewa kuchoma, nilikwambia tangu—"

"Asante Yesu!" mama akapiga makofi, akasimama. "Baba yake! Njoo, kapona!"

Nilicheka mpaka pilipili ikanipalia. Tukabishana kuhusu kuku hadi jua likazama, nikarudi Dunda nimechoka uchovu mwingine, ule wa kawaida unaotibika kwa usingizi. Kesho yake niliingia wodini nikauliza kwa nini chati za oksijeni tunaziandika mara mbili. Dada akamwambia mwanakwaya, "Karudi huyu, Mungu atusaidie."

Hii haina maana kwamba barua niliichana. Ilikuwa mkobani. Siku moja nzuri haibadilishi ukweli kwamba kazi ilikuwa inanimaliza. Nilihesabu tu: Mama Mtoto, mwanakwaya, Dada, kisha niko huru.

Mama Mtoto alimwachia mtoto mama mkwe wake aliyekuja kutoka Fukayosi, akaazima chumba changu, akajifungia. Nilipompelekea chakula mchana nilimkuta macho kodo kitandani.

"Hujalala?"

"Sijalala. Nasikiliza hakuna anayeniita." Akafumba macho kwa raha. "Usigonge tena."

Mwanakwaya alikwenda kusuka. Alichagua msuko wa nyuzi ndogo ndogo unaokula saa sita, akaketi kwenye kiti cha saluni, na akalala kabla kichwa hakijagawanywa njia. Nilimpitia saa tisa nikawakuta wateja wawili wanapokezana kumshikilia kidevu ili msusi amalize upande wa kushoto. Aliamka akajitazama kwenye kioo, akauliza, "Nimechagua rangi hii mimi?" Ilikuwa nyekundu. Alikaa nayo mwezi mzima, hadi kanisani.

Ikabaki siku ya Dada.

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Kwa desturi kijumbe hula kwanza, ndiyo haki yake kwa usumbufu wa kushika orodha. Yeye aliingia kwenye vikaratasi kama sisi, akatokea wa mwisho, wala hakulalamika. Zamu yake ilipofika akasema wiki hii haiwezekani, mitungi inaletwa na anataka kuipokea mwenyewe. Wiki iliyofuata muuguzi wa zamu alikuwa anaumwa. Wiki ya tatu hakutoa hata sababu, alisema tu, "Tutaona." Barua yangu ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imetoboka kwenye pembe.

Nikamfuata.

"Dada, nauliza tu."

"Hujawahi kuuliza tu tangu uzaliwe."

"Usipopokea, mchezo hauishi. Mchezo usipoisha, mimi sitoki. Sasa umeamua hupokei. Umetufunga."

"Nimekufungeni kwa kamba ipi?"

"Kamba ni wewe."

Alicheka, akanipiga begani kwa faili, akageuka kumwandikia dawa mzee aliyekuwa kitanda cha dirishani. Akamwita kwa jina. Mzee hakuitika. Akamwita tena, kwa sauti ya kubembeleza, akimuuliza leo amekula nini. Lilikuwa jina la mgonjwa aliyekuwa kwenye kitanda kile juzi yake, ambaye Dada mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Mimi na muuguzi tukatazamana. Kalamu ya Dada ilikuwa inaandika kipimo cha dawa cha yule mtu mwingine. Muuguzi akaichukua ile karatasi kutoka mkononi mwake taratibu, akasema, "Ngoja nikuandikie, daktari, umechoka mkono."

Dada aliutazama mkono wake kama kitu alichokiokota njiani.

Jioni ile tulikaa watatu tukaamua kwamba hatutasubiri apokee, tutampelekea. Mganga mfawidhi alikubali kabla hatujamaliza kueleza. Madaktari wanaume wakakubali kushika wodi siku nzima kwa ahadi ya pilau.

Asubuhi yake kulikuwa na manyunyu. Tulifika nyumbani kwa Dada saa kumi na mbili na nusu kwa bajaji, wawili wetu tukitoka zamu ya usiku moja kwa moja, macho mekundu, khanga vichwani kwa ajili ya mvua, tumepakata masufuria mawili makubwa ya kupikia pilau. Dada alikuwa anavaa viatu. Mama Mtoto akamvua kimoja, mwanakwaya akachukua simu. Wanawe wakubwa wawili tukawapeleka kwa shangazi yao mtaa wa pili. Tukafunga madirisha yote, tukashusha mapazia, tukamlaza, akatukana kidogo, na kabla mwanakwaya hajamaliza ubeti mmoja wa kubembeleza akawa anakoroma. Tukafunga mlango, tukakaa barazani kumlinda.

Jirani akapita na ndoo. Akatuona: madaktari watatu, macho mekundu, khanga vichwani, masufuria ya shughuli, nyumba imefungwa kila upande. Akasimama, akanyoosha mkono kuuliza kuna nini. Mwanakwaya akaweka kidole mdomoni.

Jirani akatua ndoo. Akashika kifua. Akarudi alikotoka mbio.

Nusu saa baadaye manyunyu yalikuwa yamekatika na mkeka wa kwanza umetandikwa uwanjani. Wanawake wakaanza kuingia kwa makundi, wameinamisha vichwa, mmoja na sukari, mwingine na mchele kwenye beseni. Wanaume wakaleta mabenchi na kuyapanga upande wa barabara. Nikasikia mtu anauliza turubai la mtaa analo nani safari hii.

Nilisimama nikaenda kwa mwanamke mzee aliyeonekana kuwa ndiye mkubwa wao.

"Shikamoo, bibi. Hakuna msiba. Daktari ni mzima, yuko ndani, anapumzika."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alinishika mkono kwa huruma kubwa. "Tunajua. Ndivyo mnavyoambiwa mseme."

"Hatujaambiwa na mtu, bibi. Ni mzima kweli."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Nimemlaza mwenyewe."

"Umemlaza." Aliwageukia wenzake, wakatikisa vichwa. "Mjukuu wangu, nyinyi madaktari mwaka huu mmetuambia mengi. Kama ni mzima, tufungulie tumwone. Bila kuona sitoki hapa."

Ningekuwa yeye nisingetoka pia. Mwanamke yule alikuwa anafanya kazi yangu ya miaka yote na alikuwa anaifanya vizuri kunizidi.

Tukajadiliana watatu nyuma ya tangi la maji. Ili kuwathibitishia kwamba yu hai lazima tumwamshe. Tukimwacha alale, lazima tuache aombolezwe.

"Mpaka saa ngapi?" Mama Mtoto akauliza.

"Mpaka aamke."

"Na kaburi? Kuna wawili nimewasikia wanaazima majembe."

"Wacheleweshe."

Mwanakwaya akaenda kwa wale wa majembe akawaambia tunasubiri ndugu kutoka mbali, jambo ambalo kila mtu alilielewa. Mimi nikageukia nilichoweza kukitibu. Nikaweka ndoo ya kunawia na sabuni kwenye lango. Nikapita na barakoa. Nikasogeza mikeka, hatua mbili baina ya mmoja na mwingine, nikiwaomba wote wanong'one. Walinong'ona. Sijawahi kuona msiba mtulivu kama ule. Wanawake wakateka masufuria yetu na mchele wao, wakawasha moto nyuma ya nyumba, na harufu ya pilau ikatanda mtaa mzima, wakati marehemu akikoroma taratibu nyuma ya pazia, na mimi nikikohoa kila alipozidisha.

Alilala tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Mlango ukafunguka. Dada akatokea, khanga kifuani, mistari ya mto shavuni, jicho moja wazi. Uwanja mzima ukakata pumzi. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na lango aliondoka na kuacha kandambili zake.

Dada akatazama mikeka. Akatazama mabenchi. Akafungua jicho la pili.

"Nani amekufa?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Wewe, Dada," nikasema.

Alifikiri kidogo. "Tangu saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi hivi."

"Na mmepika nini?"

"Pilau."

"Basi pakueni. Mimi tangu nife sijatia kitu mdomoni."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, kuanzia mikekani hadi kwa wale wa majembe, ambao walikuwa wamerudi kuuliza ndugu wamefikia wapi. Dada alicheka kuliko wote. Alicheka ameegemea mwimo wa mlango, akateleza polepole mpaka akaketi kizingitini, na kwa muda hakuna aliyegundua kwamba mabega yake yameendelea kutikisika wakati sauti imebadilika. Alikuwa analia. Alilia kwa sauti, kama watu wanaolia msibani, akiwataja wagonjwa mmoja mmoja. Mwanzoni watu wakaduwaa. Kisha yule bibi wa ushahidi akasogea, akabaki hatua mbili kama nilivyomwagiza, akavuta barakoa juu vizuri.

"Lia, mwanangu," akasema. "Lia tu. Watu tumeshakusanyika."

Wakakaa naye. Aliwataja wote aliokuwa nao kifuani, nao kwa kila jina wakaitikia, mpaka majina yakaisha na pilau likaletwa.

Kesho yake mchezo ulikuwa umekwisha na mimi nilikuwa huru. Nilifika kazini mapema, barua mkononi, nikaenda moja kwa moja chumba cha madaktari. Dada alikuwa ameshafika, uso umemvimba, ana karatasi na mkasi.

"Raundi ya pili," akasema bila kuinua kichwa. "Nani na nani?"

Mama Mtoto na mwanakwaya wakainua mikono. Nilisimama pale nikitafuta swali la kuuliza. Nilikuwa nayo mengi na mengine yalikuwa ya msingi kabisa, lakini nilijua mwezi uliokuwa unakuja sitaki kuwa mahali pengine popote. Nikaitia barua mfukoni mwa koti. Wiki ile ile ilifuliwa pamoja nalo.

"Niandike," nikasema. "Ila safari hii nakagua vikaratasi kabla ya kuvuta."

Tulicheza raundi nyingi baada ya hapo, hata ugonjwa ulipopungua, hata madaktari wanaume walipokuja kuomba kuingizwa, tukawaambia walete kwanza ushahidi kwamba wanajua kupika. Mimi bado ni daktari. Miaka ilipita na Dada akastaafu kwa heshima zote.

Juzi juzi mwanakwaya alifanyiwa sendoff, maana ameamua kuolewa baada ya kutuzungusha sana, na nikaketi meza moja na Dada. Nikajigamba. Nikamwambia kwamba katika watu wote ni mimi peke yangu niliyeugundua mtego wake tangu mwanzo, kwamba mchezo ule aliutunga ili sisi watatu tusiondoke.

Dada alimaliza kutafuna.

"Nyinyi?" akasema. "Nyinyi nilijua mtabaki."

Kisha akaniambia. Barua yake ya kuacha kazi ilifika kwa mganga mfawidhi wiki moja kabla sijamwonyesha yangu. Aliombwa akae angalau mwezi mmoja, akajibu kwamba kwa kuombwa hatakaa hata siku tatu, labda awe amefungwa na jambo la aibu kuliacha. Basi akautunga upatu ili ajifunge mwenyewe, wakakubaliana tarehe ya kuondoka iwe siku mchezo utakapokwisha. Ile siku tuliyomfungia ndani ndiyo iliyokuwa siku yake ya mwisho ya kazi, na asubuhi iliyofuata, kabla hatujafika, alikuwa ameshakwenda kuiomba barua irudishwe.